Mvua ya Themanini na Tano

Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
20 Mei 1984

Kwa mama yangu Njambi,

Wewe uliyebeba jina la mama yangu, pokea salamu zetu, mimi na mama yako Nasambu. Tuko, tunapumua, nguvu ndizo zimekuwa haba. Mgongo wangu ni ule ule wa siku zote. Wewe je? Hicho kikohozi ulichoandika wakati wa Februari kimeisha? Mama yako anasema uache kulala na nywele mbichi, huko si Ziwa.

Nakuandikia kwa Kiswahili kama tulivyozoea nyumbani, maana mama yako hataki nifunge bahasha kabla hajasomewa kila neno, na Kikuyu changu amekikataa miaka thelathini sasa. Na mimi Kibukusu chake nimekikataa, kwa hivyo tuko sawa.

Habari ya huku ni moja tu. Mvua haikuja. Unajua kile kipimo cha mvua nilichoachiwa na mzungu wa shamba nilipokuwa karani wake. Tangu mwaka wa sitini na tatu nakisoma kila siku saa tatu asubuhi, naandika kwa daftari, na mwisho wa mwezi napeleka kadi Nairobi. Aprili hii yote imenipa milimita thelathini na moja. Nimerudi nyuma kurasa zote za miaka ishirini na moja, sijaona Aprili ndogo hivyo. Mahindi yaliota, yakafika magotini, sasa majani yamejiviringa kama sigara. Jirani yetu Elphas hupita hapa jioni, anasimama kwa lango. Tunaangalia shamba wote wawili, halafu anaenda kwake.

Ulituambia unasomea hewa. Basi wewe uliye karibu na wenye vitabu, waulize kwa niaba yetu: mvua imeenda wapi, na itarudi lini?

Ni mimi baba yako,
Githinji


Leeds, Uingereza
11 Juni 1984

Baba mpendwa,

Nimepokea barua yako jana, nikaisoma nikiwa nimesimama kwa ngazi na koti bado mwilini. Kikohozi kimeisha. Mwambie mama nywele nakausha. Poleni sana. Nilipofika pale pa Aprili nilikaa chini, kwa sababu nakumbuka Aprili za nyumbani, vile tulikuwa tunatoka shule tumebeba viatu mkononi.

Baba, nitajaribu kukueleza ninachosomea, halafu uone kama kuna jibu ndani yake. Wewe ndiwe ulinifundisha kwamba usiku ukiwa na mawingu, baridi haishiki, lakini usiku ukiwa mweupe kabisa umande unaganda kule bondeni na viazi vinaungua. Wingu linazuia joto la mchana lisiponyoke kwenda juu. Sasa kuna hewa inaitwa ukaa. Haina rangi, haina harufu, na inafanya kazi kama wingu lisiloonekana, usiku na mchana, dunia nzima. Inatoka kwa kila kitu kinachoungua: kuni, mafuta ya magari, na zaidi ya vyote makaa ya mawe.

Tunaipima. Mwaka wa hamsini na nane, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu mia tatu na kumi na tano zilikuwa ukaa. Leo ni mia tatu arobaini na nne. Kabla ya hawa watu kujenga viwanda, ilikuwa kama mia mbili themanini. Kila mwaka inapanda, hakuna mwaka imeshuka. Na ikishapanda juu inakaa huko muda mrefu kuliko umri wa mtu. Walimu wangu wanaamini dunia itapata joto, na joto likibadilika, mvua haiwezi kubaki ilivyokuwa.

Lakini kama ukame wenu wa mwaka huu umetoka huko, hilo hakuna anayeweza kusema. Nimeuliza watatu. Wote wametikisa kichwa.

Mwenye nyumba ninayokaa ni Bi. Edna. Bwana yake ni mchimba makaa ya mawe, na wachimbaji wote wako kwa mgomo tangu Machi kwa sababu serikali inataka kufunga migodi. Wanakula chakula cha mchana kwa ukumbi wa kanisa, watu wazima na sufuria zao. Mimi mchana nahesabu moshi wao kwa maabara, jioni nakula mezani kwao viazi vyao vichache. Sijui hata niwaonee uchungu au niwakasirikie.

Binti yako,
Njambi


Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
2 Oktoba 1984

Kwa Njambi,

Salamu. Tuko hai. Mama yako amepungua mwili lakini anakataa kusema ni njaa, anasema ni uzee.

Hakuna mavuno. Tulikata mabua tukapea ng'ombe, yakaisha. Ng'ombe wawili wa gredi wamekufa, yule mweusi na mtoto wake. Huku tunakula mahindi ya manjano yaliyoletwa na meli kutoka ng'ambo. Mama yako anapanga laini Eldoret kwenye ghala la nafaka tangu asubuhi, na akifika mbele anaambiwa debe moja kwa kila mtu. Ugali wake unanuka kama gunia. Watu wanasema ni chakula cha kuku wa Amerika. Tunakula, tunashukuru.

Elphas amekata ile miti yote ya kando ya mto. Anachoma makaa, anapeleka mjini na mkokoteni. Nilimwambia, "Elphas, hiyo miti ndiyo inashikilia maji." Akaniambia, "Mzee, kwa hivyo watoto wakule kivuli?" Nilimsaidia kupakia magunia mawili nikarudi nyumbani.

Barua yako niliisoma, nikaielewa. Hilo wingu lisiloonekana nimelielewa kabisa. Lakini mama yangu, mkulima hapandi kwa karne, anapanda kwa Machi. Mbegu ya mahindi ya 614 inakaa shambani miezi saba, minane. Inataka mvua ya kweli kutoka mwanzo hadi mwisho. Nikiiweka tena na mvua ikose tena, hatutabaki na kitu. Lazima niamue kabla ya Januari. Elphas pia ananiuliza, na wengine hapa kanisani, kwa sababu wanajua nina mtoto anayesoma mambo hayo.

Nimenakili daftari lote, mwezi kwa mwezi, miaka ishirini na moja. Imenichukua wiki tatu na macho haya. Nimetia ndani ya bahasha hii. Wape wakubwa wako waangalie. Halafu usiniambie wametikisa kichwa. Niambie nipande au nisipande.

Ni mimi baba yako,
Githinji


Leeds
25 Novemba 1984

Baba,

Natumaini hii itawakuta mkiwa na afya nzuri kidogo kuliko Oktoba. Hapa runinga inaonyesha njaa ya Ethiopia kila jioni, na Bi. Edna huzima kabla sijafika, akidhani sijui anachozima.

Nimelia juu ya namba zako. Mwandiko ni ule ule wa kwenye ripoti zangu za shule, kila namba imenyooka. Nimezichora zote kwenye karatasi moja. Miaka ya sitini iko juu. Kuanzia sabini na tisa mstari unateremka, na themanini na nne umeanguka chini kabisa. Nimeweka pembeni mstari wa ukaa, ule unaopanda. Mmoja unapanda, mwingine unashuka. Mwalimu wangu aliangalia akasema miaka ishirini na moja ya shamba moja ni michache, na mvua ina tabia ya kurukaruka bila sababu. Amesema nisiifanyie haraka. Lakini yeye hajui laini ya debe moja.

Baba, umeniuliza kama mtu mzima na mimi nitakujibu kama mtu mzima. Mvua inapungua. Naamini themanini na tano itakuwa kama themanini na nne, au mbaya zaidi. Usiweke shamba lote 614. Panda mtama na muhogo kwa sehemu ndogo, sehemu nyingine iache nyasi kwa ng'ombe waliobaki. Mwambie Elphas hivyo pia.

Ni mimi,
Njambi wako


Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
3 Februari 1985

Kwa mama yangu Njambi,

Salamu kutoka kwa wote. Barua yako ilifika ikiwa imefunguliwa na kubandikwa tena kwa gundi. Siku hizi barua za ng'ambo zinafika hivyo. Usishangae, na uandike ukijua.

Jumapili baada ya ibada niliomba nafasi, nikasimama, nikasoma maneno yako. Jamaa kumi na moja wamekubali kufuata. Elphas amekodisha shamba lake lote kwa mtu wa mjini kwa misimu miwili, akasema afadhali kitu kidogo cha mkononi kuliko kuzika mbegu tena. Chifu alisikia. Kwa baraza akaniita mbele. "Mzee Githinji," akasema, "serikali imesema watu wapande. Redio imesema watu wapande. Wewe una redio yako?" Watu wakacheka kidogo kwa woga. Nikasema nina binti msomi. Akasema nimwambie huyo binti asiwatishe wananchi. Yakaishia hapo, lakini sasa kuna mtu hupita karibu na lango letu zaidi ya kawaida.

Mama yako amekataa. Ananiambia nikuandikie hivi: "Mwanangu, mimi nakupenda, lakini jembe langu halijasoma." Atapanda 614 kwenye kile kipande chake nyuma ya jiko. Nimemwachia.

Nimechoka, lakini moyo umetulia. Kuamua ndiko kulikuwa kunaniua.

Baba yako,
Githinji


Leeds
30 Juni 1985

Baba,

Hii ni barua ya tatu bila jibu. Zile za Aprili na Mei mlipata? Mama mzima? Naona kwa gazeti la hapa wanasema mvua imerudi Afrika Mashariki. Wameandika mistari minne tu. Tafadhali niandikie, hata kama ni kadi, hata kama ni namba tu.

Mgomo uliisha Machi bila chochote. Wachimbaji walirudi kazini wakitembea nyuma ya bendi ya tarumbeta, na bwana wa Bi. Edna alitembea katikati akiangalia viatu vyake. Wakati wa kiangazi hiki wametangaziwa kwamba mgodi wao utafungwa. Bi. Edna aliniuliza, "Wewe si utafurahi, moshi utapungua?" Nilimwambia hapana, na nilikuwa nasema ukweli, lakini alibaki ameniangalia.

Niandikie, Baba.

Njambi


Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
17 Novemba 1985

Njambi,

Natumaini u mzima. Sisi ni wazima.

Nilizipata barua zako zote. Sikuandika kwa sababu sikuwa na namna ya kuandika.

Mvua ilianza tarehe ishirini na tano Machi. Haikupumzika. Aprili ilitoa milimita mia moja tisini na nne. Mpaka leo mwaka umefika elfu moja mia mbili na sita. Tangu nianze kupima, ni mara tatu tu nimeandika namba kama hiyo. Kila asubuhi saa tatu nilikuwa naenda kumwaga kipimo na kuandika, na kila namba niliyoandika ilikuwa inaniaibisha.

Mahindi ya wengine yalifika juu ya paa la choo. Wale waliomsikiliza chifu walivuna mpaka wakakosa magunia. Mtama wetu ndege walikula, uliobaki uliota ukungu kwa unyevu. Mtu wa mjini alivuna shamba la Elphas, malori manne, na Elphas alikuwa amesimama pale pale langoni kwetu akiyaangalia yakipita. Msimu wa pili pia ni wa huyo mtu, karatasi zinasema hivyo. Virginia, binti wa Elphas, ametoka shule akiwa form two kwa kukosa karo. Elphas mwenyewe amehamia Langas, kule Eldoret, kutafuta vibarua vya mjengo. Kavetsa bibi yake amebaki hapa na wadogo. Hajawahi kunitukana. Tukipatana njiani ananiamkia, "Shikamoo Mzee," kisha anapita upande ule mwingine.

Kwa baraza chifu aliniita mbele tena. Alisema, "Mwambieni Mzee Githinji atuombee mvua ipungue." Mara hii watu walicheka, na si kwa woga.

Tumekula mahindi ya mama yako, yale ya nyuma ya jiko. Hajasema neno, na afadhali angesema.

Sikulaumu. Wewe ulitumwa na mimi. Lakini usiniandikie tena habari za mvua.

Githinji


Leeds
8 Desemba 1985

Baba yangu,

Nimeisoma. Sina la kujitetea. Mwalimu alinionya nikamdharau, kwa sababu nilitaka niwe mtu aliyewasaidia. Nilichukua mstari wa miaka mingi nikaufanya uwe jibu la Machi moja, wakati nilijua kabisa hauwezi kuwa. Nilijua, Baba. Hicho ndicho kinaniamsha.

Nisalimie Kavetsa, kama anaweza kupokea salamu yangu. Mwombe mama anisamehe. Sitaandika habari za mvua.

Binti yako,
Njambi


Leeds
4 Septemba 1988

Baba na Mama,

Salamu baada ya muda mrefu. Zile kadi za Krismasi najua zilifika kwa sababu hazikurudi. Mimi ni mzima. Nywele za mbele zimeanza kuwa nyeupe na bado sijafika thelathini na tatu.

Baba, ulinikataza jambo moja na nimelishika miaka karibu mitatu. Leo naomba unifungulie, mara hii tu. Ukiona huwezi, ikunje hapa.

Mwaka jana nilipelekwa Ufaransa miezi minne, kwenye maabara ya watu wanaochunguza barafu. Huko kusini kabisa mwa dunia theluji haiyeyuki. Ya mwaka huu inalalia ya mwaka jana, maelfu kwa maelfu ya miaka, na katikati yake vinabaki vipovu vya hewa ya zamani. Warusi walichimba kwenda chini zaidi ya kilomita mbili. Nilishika kipande mkononi, nikakitia kwenye glasi ya maji, kikaanza kulia taratibu, tiki, tiki. Ilikuwa hewa ya kabla ya Wakikuyu, kabla ya Wabukusu, kabla ya mtu yeyote kujiita jina lolote, inatoka pale mbele yangu. Wale watu wamehesabu miaka laki moja na elfu sitini. Ukaa ulipopanda, joto lilikuwa juu. Uliposhuka, baridi ilifunika nchi. Vinatembea pamoja kama ng'ombe na mtoto wake. Na katika miaka hiyo yote ukaa haukuwahi kupita mia tatu. Sasa hivi tuko mia tatu hamsini, na tumefika hapo kwa muda mfupi sana, vizazi vichache vya watu kama bwana wa Bi. Edna, na wenye magari, na sisi wote.

Kwa hivyo naomba niseme upya, kwa adabu, kile ningepaswa kusema mwaka wa themanini na nne. Ninajua dunia itapata joto, na wajukuu wetu wataliona kuliko sisi. Ninajua tunachochoma leo hakitatoka hewani wakati wa uhai wetu. Sijui mvua ya Ziwa itaongezeka au itapungua. Wengine wanafikiri itaongezeka, ije kwa nguvu na kwa haraka, halafu ikatike. Sijui kuhusu mwaka ujao, wala hakuna anayejua. Nilisema najua, na Elphas akalipa.

Kazi niliyopewa hapa inaisha Desemba. Wamenipa nyingine, lakini nimeomba kwanza mwezi mmoja. Nataka kuja nyumbani. Sijui kama naruhusiwa.

Njambi


Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
30 Oktoba 1988

Kwa mama yangu Njambi,

Salamu. Sisi ni wazima.

Barua yako nilikaa nayo siku nne bila kufungua. Mama yako alipoona, alisema maneno ambayo nadhani alikuwa ameyaweka tangu ule mwaka. Alisema, "Mtoto alikuambia hajui, ukamkatalia. Ukamwambia usitikise kichwa. Wewe ulimwomba uongo, yeye akakupa. Sasa unamwadhibu kwa nini, kwa kukutii?" Halafu akaenda kukamua. Sikuwa nimewahi kuiangalia kutoka upande huo. Nilifungua, nikamsomea. Pale pa barafu kulia aliniambia nirudie.

Njoo. Lakini ukija, usije kwangu peke yangu. Jamaa waliofuata maneno yako ni kumi na moja. Hayo uliyoniandikia, uje uwaambie ukiwa umesimama, kama mimi nilivyosimama.

Baba yako,
Githinji


Ziwa,
S.L.P. Eldoret.
12 Februari 1989

Kwa mama yangu Njambi,

Natumaini ulifika salama na baridi haikukupiga. Nyumba imenyamaza tangu uondoke. Mama yako bado anapika chai ya watu watatu.

Nimefikiri sana juu ya ile Jumapili. Ulisimama pale mbele ukasema, "Nilikosea, na nilikuwa nimeonywa." Nilikuwa naangalia miguu yako kwa sababu sikuweza kukuangalia uso. Najua ulitarajia mtu aseme kitu. Watu wetu hawasemi. Lakini wewe hukuona Mzee Wanyama, mmoja wa wale kumi na moja, akirudi baadaye kuuliza kama ile barafu ni kweli inalia, na Kavetsa alileta maziwa Jumatatu, ya kwanza tangu mwaka ule. Aliyaweka mlangoni, hakuingia.

Elphas hakuja, kama ulivyoona. Kwa hivyo juzi nilienda mwenyewe Langas. Nilimkuta kwenye mjengo, anachanganya simiti, amezeeka kuliko mimi. Tuliketi juu ya matofali. Nilimwambia yote uliyosema, yale ya barafu na yale ya joto la miaka thelathini, arobaini ijayo. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitoa simiti kwenye kucha.

Akasema, "Mzee, mimi sina kinyongo na msichana. Mimi nilikuwa mtu mzima, nikaweka sahihi yangu. Lakini Virginia hawezi rudi form two. Ameshaolewa, ako na mtoto."

Nikamwambia, "Najua, Elphas."

"Hapana, ngoja nimalize. Huyo mtoto ni wa miezi minne. Juzi nilimshika. Sasa wewe unaniambia hiyo joto ni ya wajukuu. Si ni huyo? Si ndiye huyo huyo unasema?"

Nikasema ndiye.

Mwenye mjengo akamwita, hakuitikia. Akaniambia, "Huyo binti yako alikosea kwa mwaka mmoja tu, na ona mahali niko. Sasa muulize kitu kimoja kwa niaba yangu. Kwa hiyo miaka thelathini, arobaini, anayosema, amekosea pia? Kwa sababu kama amekosea hapo, mimi nitafurahi, na nitamsamehe hata ile ya kwanza."

Nilimwambia nitakuuliza. Basi nakuuliza. Na mara hii, mama yangu, ukitaka kutikisa kichwa, tikisa. Mimi nitampelekea jibu lolote utakalonipa, vile lilivyo.

Baba yako,
Githinji


Leeds
5 Machi 1989

Baba mpendwa,

Nilifika salama. Mwambie mama chai yangu anywe yeye. Nimewaambia hapa kwamba kazi yao naichukua kwa mwaka mmoja tu, kisha nitarudi Nairobi, hata kama ni kufundisha.

Swali la Elphas nimelibeba siku tisa. Nimerudi kwa namba zote, zangu na za watu wengine, za barafu na za hewa, nikitafuta mahali tulipokosea. Nilitafuta kwa nia mbaya, Baba, kama mtu anayetafuta tundu la kutorokea. Yako mengi nisiyoyajua, na nimeyaandika kwenye karatasi ya pili ili umsomee yote, usiache hata moja: mvua, upepo, mwaka gani, mahali gani. Lakini lile lenyewe aliloniuliza sikupata tundu.

Mwambie Elphas hapana, hapo sijakosea. Mwambie natamani sana ningekuwa nimekosea.

Binti yako,
Njambi